Kabla ya kununua AC ya duka, lijue joto lake

SWALI

Mshauri, mimi ni mfanyabiashara wa nguo, viatu na mikoba ya kina mama hapa Dar es Salaam. Nina fremu ndogo ambayo nimeitumia kwa miaka kadhaa. AC iliyomo ni kubwa, ikiwaka wateja wanajikunyata kwa baridi, lakini mikoba ya ngozi inaota ukungu. Halafu kila baada ya miezi michache inaanza kupuliza upepo wa kawaida, fundi anakuja kujaza gesi, maisha yanaendelea hivyo. Sasa nahamia fremu kubwa Sinza, mita 6 kwa 10, iko barabarani, mbele yote ni kioo na inatazama magharibi. Juu yake kuna ghorofa. Fundi mmoja kaniambia AC moja ya BTU 24,000 inatosha. Mwingine kasema nifunge nne za 18,000 ili nisije kujuta. Sijui nimwamini nani. Mdogo wangu naye anafungua tawi Njombe, anauliza afanyeje na baridi ya kule. Yeye amefikiria kuweka jiko la mkaa nyuma ya kaunta. Naomba utuelekeze.

Mama Mikoba, Sinza

JIBU

Dada yangu, hongera kwa biashara kukua. Nitatanguliza jibu, sababu zifuate.

Usifunge ile moja ya 24,000, na usifunge zile nne. Kwa fremu uliyoieleza, AC mbili za inveta, kila moja BTU 18,000, zitakutosha, kwa sharti kwamba kwanza uzuie jua la kioo na ubadilishe taa. Ukiruka hatua hiyo utahitaji BTU 54,000 au zaidi, na ziada hiyo utailipia kwenye luku kila mwezi. Kuhusu Njombe, mpigie mdogo wako leo umwambie jiko la mkaa lisiingie dukani. Nitaeleza kwa nini.

Mafundi wako wote wawili wamekisia. Mmoja ametazama ukubwa wa sakafu peke yake, mwingine ameogopa lawama. Duka halipozwi kwa kukisia, kwa sababu maduka mawili yenye sakafu sawa yanaweza kutofautiana joto mara mbili.

AC inafanya nini hasa

AC haitengenezi baridi. Inabeba joto lililomo ndani na kwenda kulitupa nje. Ndani ya mabomba ya shaba inazunguka gesi. Ikiwa kwenye mashine ya ndani huwa ya baridi sana, na hewa ya duka ikipita juu ya mabomba hayo inaacha joto lake. Kompresa iliyoko kwenye mashine ya nje huikandamiza gesi hiyo mpaka ipate joto kuliko hewa ya nje, ndipo feni inapolipeperusha joto hilo barabarani. Gesi inapoa, inageuka kimiminika, inarudi ndani kuanza upya.

Kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukibeba kwa saa moja ndicho kinachopimwa kwa BTU. BTU 12,000 kwa saa mafundi huziita tani moja, nazo ni sawa na kilowati 3.5. Neno tani limebaki tangu enzi za kupooza kwa barafu: ni joto linaloyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24. Wauzaji wa mjini hupenda kutaja HP, lakini wewe soma BTU kwenye kibandiko cha mashine. Hicho ndicho kipimo cha kulinganisha.

Hesabu ya fremu yako

Chukua mchana wa Februari, saa kumi jioni, jua likiwa limeinama upande wa magharibi na duka lina wateja. Joto linaingia kwa njia tano. Makadirio yangu ni haya:

1. Kioo. Una mita za mraba 16 hivi za kioo cheupe kinachopigwa na jua moja kwa moja. Kila mita ya mraba inaweza kuingiza wati 450 saa hiyo. Jumla wati 7,200. Huyu ndiye adui yako mkubwa.

2. Taa. Maduka mengi ya nguo hufungwa taa ndogo za halojeni darini. Taa 30 za wati 50 ni wati 1,500, na wati zote hizo huishia kuwa joto ndani ya duka.

3. Watu. Mtu anayetembea taratibu dukani hutoa joto la wati 130 hivi. Wateja 12 na wahudumu 3 ni karibu wati 2,000.

4. Kuta, sakafu na vifaa vidogo. Kwa kuwa juu yako kuna ghorofa, bati haliko kichwani kwako. Weka wati 1,500. Fremu iliyo chini ya bati bila dari ya maana ingekuwa na hesabu nyingine kabisa.

5. Hewa safi. AC za ukutani huzungusha hewa ile ile, haziingizi mpya. Kwa watu 15 na sakafu yako, duka linahitaji karibu lita 90 za hewa safi kila sekunde, ama sivyo watu watapiga miayo na harufu zitabaki ndani. Hewa ya Dar ina joto na imejaa unyevu. Kuipooza na kuikausha hiyo peke yake ni wati 3,800 hivi.

Jumlisha: wati 16,000, yaani karibu BTU 55,000 kwa saa. Mashine ya 24,000 ingewaka kutwa nzima bila kulipooza duka, na kompresa yake isingedumu.

Sasa angalia kinachotokea ukianza na joto lenyewe. Weka kivuli nje ya kioo: turubai la kukunja au kibaraza cha kuning'inia kinachoshuka vya kutosha kukata jua la jioni. Kioo chenyewe ukibandike filamu ya kuzuia joto. Kivuli cha nje ndicho chenye nguvu zaidi, kwa sababu pazia la ndani hulikuta jua limeshaingia. Wati 7,200 za kioo zinaweza kushuka hadi 2,400. Badilisha halojeni kwa LED za wati 7, na wati 1,500 zinakuwa 210. Jumla mpya ni wati 9,900 hivi, karibu BTU 34,000. Mbili za 18,000 zinafanya 36,000. Imetosha, na ziada kidogo imebaki.

Hesabu yote hii inachukulia kwamba mlango unafungwa. Najua desturi ya mjini ni mlango wazi ili mteja asidhani mmefunga. Lakini mlango ukiachwa wazi kutwa, mstari ule wa hewa unaweza kuzidi mara mbili au tatu. Funga mlango wa kioo unaojirudisha wenyewe, uandike «Tumefungua, karibu» kwa herufi kubwa. Kama lazima uwe wazi, funga pazia la hewa juu ya mlango, ile feni ndefu inayopuliza chini kwa nguvu. Inapunguza hewa ya nje kuingia, ingawa haishindi mlango uliofungwa.

Ukungu wa mikoba

Hapa wafanyabiashara wengi wa pwani wanapata hasara bila kujua chanzo. Ukungu haufuati joto, unafuata unyevu. Duka linaweza kuwa la baridi na bado likawa na unyevu.

AC hukausha hewa kwa njia moja: unyevu huganda kuwa matone kwenye mabomba ya baridi na kutoka kwa mpira wa maji. Kazi hiyo inahitaji muda. Mashine kubwa kuliko chumba hupooza hewa kwa dakika chache, kompresa inazima, matone yaliyokuwa kwenye mabomba yanakaushwa na feni na kurudi dukani. Baada ya muda inawaka tena, inazima tena. Wateja wanajikunyata, ngozi inaota ukungu. Ndiyo sababu nimeukataa ushauri wa kufunga nne: BTU 72,000 zingekupa tatizo lile lile kwa ukubwa zaidi.

Kuna kosa la pili linaloambatana na hilo, nalo ni kuweka rimoti kwenye 16. AC haipoozi haraka zaidi kwa sababu umeandika 16, inachelewa kusimama tu. Bidhaa zinakuwa baridi mno, usiku unapofunga duka hewa ya nje yenye unyevu inapenya na kuganda juu ya ngozi. Weka 24 au 25. Msimu wa masika, wakati joto limepungua lakini hewa imelowa, tumia hali ya kukausha iliyo kwenye rimoti, ile yenye alama ya tone la maji.

AC za inveta zinafaa hapa kwa sababu kompresa yake haiwaki na kuzima, inapunguza mwendo na kuendelea polepole, hivyo inakausha muda wote. Na kama unataka kujua AC inafanya kazi hii, weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira wa maji asubuhi. Katika fremu kama yako, siku ya unyevu mwingi, mashine mbili zinapaswa kujaza zaidi ya ndoo moja kabla hujafunga. Ndoo ikiwa karibu tupu na mikoba inaota ukungu, umeshapata jibu.

Tangu mwanzo wake AC ililengwa kwenye unyevu. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier aliunda mfumo wa kwanza wa kisasa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York, ambako unyevu ulikuwa ukitanua na kusinyaza karatasi mpaka rangi zisikae mahali pake. Maduka yalifuata baadaye: mwaka 1924 mashine za Carrier zilifungwa katika duka kubwa la J. L. Hudson mjini Detroit. Wenye maduka walijifunza mapema kwamba mteja aliyepata nafuu ya hewa hukaa zaidi na kununua zaidi.

Gesi inayoisha kila mara

Dada, gesi ya AC si kama mafuta ya gari. Haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza maisha yake bila kuongezwa hata kidogo. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayekuja kujaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kile kile mara kwa mara, na wakati huo kompresa inaumia.

Mwambie fundi ajaze naitrojeni kwenye mabomba kwa shinikizo, apake povu la sabuni kwenye maungio, aangalie panapotoka mapovu. Mara nyingi ni kwenye nati za shaba nyuma ya mashine ya ndani au kwenye vali za nje. Baada ya kuziba, atumie pampu ya vakyumu kunyonya hewa na unyevu wote, ndipo apime gesi kwa mzani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Fundi anayefungua vali kidogo ili gesi isukume hewa nje anakuachia unyevu ndani ya mabomba, na unyevu huo huja kuila kompresa.

Kwa mashine mpya, soma aina ya gesi. Usinunue ya R-22 hata kwa bei ya kutupa, kwani gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Utakutana na R-410A na R-32. Zote mbili haziharibu ozoni, lakini nguvu ya R-410A ya kuongeza joto la dunia ni mara 2,088 ya hewa ya ukaa, ya R-32 ni mara 675. Gesi za aina hiyo ndizo zilizowekewa ratiba ya kupunguzwa katika makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, mwaka 2016. Mimi ningechukua R-32. Ila inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo ifungwe na fundi anayeijua, bila sigara wala moto karibu.

Kufunga vizuri

Kwa nini mbili, badala ya moja kubwa? Kwa sababu moja ikiharibika Jumamosi, duka halifungwi. Asubuhi wateja wakiwa wachache utawasha moja. Kaseti ya darini ya 36,000 nayo ni nzuri na inasambaza hewa pande nne, lakini inahitaji nafasi ya sentimita 30 hivi juu ya dari ya jipsamu na ina pampu yake ya maji. Kwa fremu ya kupanga, mbili za ukutani ni rahisi kufunga na rahisi kuhama nazo.

Zifungwe kwenye ukuta mrefu zikipuliza kuelekea katikati ya duka, zisielekee mlangoni wala kichwani kwa mhudumu wa kaunta. Mpira wa maji uwe na mteremko mwanzo mpaka mwisho, na usipite juu ya rafu. Mwombe fundi amimine lita moja ya maji kwenye trei ya mashine mbele yako, uone inatokaje.

Mashine za nje zinahitaji kupumua. Ukizibana kwenye uchochoro pamoja na za majirani, zitakuwa zinavuta hewa ya moto zilizoitema zenyewe. Ziwe na sentimita 30 nyuma na uwazi wa zaidi ya mita moja mbele. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, muulize mwenye fremu zitakaa wapi, na muandikiane kwamba AC ni mali yako siku ya kuhama.

Umeme usichukuliwe kwenye soketi ya kawaida. Kila mashine iwe na waya wake kutoka kwenye bodi, breka yake na waya wa ardhi, kazi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Weka pia kilinzi cha volti kinachochelewesha kuwaka kwa dakika tatu umeme unaporudi, maana kukatika na kurudi ghafla huua kompresa nyingi hapa mjini.

Luku na matunzo

Mashine mbili za 18,000 zikifanya kazi kwa nguvu zote hula kilowati 3.3 hivi. Kwa wastani wa siku, tuseme theluthi mbili ya hiyo. Ukifungua saa 3 asubuhi ukafunga saa 3 usiku, ni uniti 26 hivi kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni karibu uniti 670, na uniti ikiwa shilingi 350 utalipa kama shilingi 235,000. Duka hilo hilo bila kivuli na LED, lenye mashine za 54,000, lingelipa nusu zaidi: nyongeza ya shilingi zaidi ya laki moja kila mwezi, bila kuhesabu bei ya mashine ya tatu. Turubai na taa vitakuwa vimejilipa mapema.

Filta zioshwe kwa maji kila baada ya wiki mbili, kazi hiyo inafanywa na mhudumu yeyote. Nguo hutoa vumbi jingi la nyuzi, na filta iliyoziba hugandisha barafu kwenye mabomba. Kila miezi mitatu au minne, fundi asafishe mashine za ndani na nje kwa maji. Kwa walio karibu na bahari, wachague mashine ya nje yenye mapezi yaliyopakwa kinga, kwa sababu chumvi hula aluminiamu.

Duka la Njombe

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na duka lililofungwa milango kuzuia baridi ndilo mahali inapokusanyika. Mtu huanza na kichwa kuuma na usingizi, kisha anazimia bila kujua. Watu wamekufa kwa njia hii vyumbani mwao. Hakuna namna salama ya kukaa na jiko la mkaa ndani ya duka lililofungwa.

Njombe iko juu mlimani, na baridi yake kubwa ni kati ya Juni na Agosti, asubuhi na jioni. Mdogo wako aanze kwa kuziba nyufa za milango na madirisha na kuweka dari, kwa sababu joto hukimbilia kwenye bati. Kisha anunue AC ya joto na baridi, yenye vali inayogeuza mzunguko wa gesi ili joto livutwe kutoka nje kuletwa ndani. Kwa uniti moja ya umeme mashine hiyo huleta joto la uniti tatu hivi. Hita ya waya huleta uniti moja kwa moja, yaani bili mara tatu kwa joto lile lile. Kwa duka la kawaida lenye dari, moja ya 18,000 inaweza kutosha, lakini naye apimiwe. Awe makini dukani: AC nyingi zinazouzwa nchini ni za baridi tupu. Alama ya jua kwenye rimoti si ushahidi, kwa kuwa rimoti moja hutengenezewa mashine nyingi. Atazame kibandiko cha mashine yenyewe, aone kiwango cha kupasha joto kimeandikwa kando ya kile cha kupooza.

Dada yangu, ukirudi kwa mafundi, omba makadirio ya maandishi yenye BTU zilizohesabiwa, aina ya gesi, urefu wa mabomba, ukubwa wa waya, na ahadi ya kutumia pampu ya vakyumu. Mpe kazi yule atakayeingia na futi, apime kioo, ahesabu taa, na akuulize duka linatazama wapi na mlango unakaaje. Anayetaja bei kabla ya kupima, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.